Oba wa Benin: mamlaka bila kifungu cha katiba

Tarehe 9 Machi 2018, Ewuare II, Oba (yaani mfalme wa jadi) wa Benin, aliwaita machifu, makuhani na waganga wa kienyeji kwenye kasri lake mjini Benin City, kusini mwa Nigeria. Akawalaani wanaosafirisha wasichana kwenda kuuzwa Ulaya. Akawalaani pia waganga wanaowaapisha wasichana hao, kisha akatamka kwamba viapo vyote walivyokwisha kuapa vimebatilika.

Hakuna sheria ya Nigeria inayompa uwezo huo. Katiba ya mwaka 1999 haimtengei mfalme wa jadi kazi yoyote. Lakini habari zilipofika Italia, baadhi ya wanawake waliacha kulipa madeni yaliyowafunga kwa miaka.

Ili kuelewa kwa nini, tazama kiapo chenyewe. Kabla ya safari, msichana hupelekwa kilingeni. Huchukuliwa nywele, kucha, pengine hata nguo yake ya ndani. Anaapa kwamba atalipa deni, ambalo huweza kufika makumi ya maelfu ya yuro, na kwamba hatamtaja kwa polisi mama aliyemsafirisha, yule wanayemwita “madamu”. Akikiuka, wazimu au kifo kitampata yeye au ndugu zake. Polisi wa Ulaya wanaweza kumpa hifadhi na hati za kuishi, ila kiapo hawana la kukifanya. Oba analo, kwa sababu kwa imani ya Waedo, watu wa ufalme wa Benin, hakuna madhabahu katika nchi yao iliyo juu ya kiti chake.

Wanaoutetea ufalme huishia hapo na kusema: mnaona? Ni hoja nzito. Edo, jimbo lenye Benin City, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya wanawake wa Nigeria waliouzwa Ulaya, na biashara hiyo ilikuwa na umri wa miongo kabla mtu kufikiria kupambana nayo kwa kutumia kasri.

Wanaopinga nao wana lao. Wasafirishaji hawakufunga biashara. Baadhi walihamishia viapo nje ya eneo la Oba. Na kuna jambo la ndani zaidi: anayebatilisha kiapo kwa tambiko anathibitisha kwamba kiapo kina nguvu. Kasri lilitumia woga uleule kuwafungua watu ambao woga ndio uliowafunga. Nakubali kwamba hilo ni tatizo kwa anayetaka jamii iongozwe na mahakama. Kwa binti aliyeko Turin na deni shingoni, mjadala huo ungesubiri.

Inafaa kukumbuka Oba huyu ni nani. Kabla ya kutawazwa tarehe 20 Oktoba 2016 alikuwa mwanadiplomasia, na miongoni mwa nchi alikokuwa balozi ni hiyohiyo Italia. Kiti alikipata kwa kuwa mwana wa kwanza wa kiume; mabinti hawamo katika hesabu, na sijaona dalili kwamba watakuwemo. Mrithi hukaa kwanza Uselu, mtaa wa Benin City, na jina la kitawala hulipata katika safari ya kutawazwa. Tangu hapo maisha yake si yake tena. Mwishoni mwa kila mwaka huja Igue, sherehe ya kuutakasa mwili wa mfalme, ambapo machifu huvaa marijani na kucheza mbele yake na upanga wa heshima uitwao eben.

Matambiko hayo si mapambo. Januari 1897 Mwingereza James Phillips alitaka kumwona Oba Ovonramwen, akaambiwa asubiri kwa sababu mfalme yumo katika matambiko na haonani na wageni. Hakusubiri. Aliuawa njiani pamoja na wengi wa msafara wake, na Februari jeshi la Uingereza likauteka mji, likauchoma na kubeba maelfu ya sanamu za shaba na pembe za ndovu. Ovonramwen alihamishiwa Calabar, akafia huko mwaka 1914. Mwaka huohuo mwanawe, Eweka II, aliwekwa kitini, safari hii chini ya Waingereza.

Sanamu hizo ndizo zinazonitia shaka zaidi. Machi 2023, Rais Muhammadu Buhari, akiwa amebakiza miezi miwili tu madarakani, alitangaza kwa hati rasmi kwamba vitu vilivyoporwa mwaka 1897 ni mali ya Oba. Upande wa kasri unaeleweka: vingi viliporwa kwenye madhabahu za babu zake, na hakuna anayedai kwamba viliporwa kwenye jumba la makumbusho la taifa, ambalo halikuwepo. Lakini Ujerumani ilikuwa imeshakabidhi umiliki wa vipande zaidi ya elfu moja kwa taifa la Nigeria, na Chuo Kikuu cha Cambridge kikaahirisha kurudisha vyake. Kutoka Marekani, kundi la wazao wa watumwa liliuliza swali ambalo kasri halijalijibu vya kutosha: kama sehemu ya shaba hiyo ilitoka kwenye bangili za manila ambazo Wareno walilipia watumwa, kwa nini faida irudi kwa ukoo wa muuzaji?

Mwaka 2025 kasri na Tume ya Taifa ya Makumbusho walielewana kwamba tume ndiyo isimamie vitu hivyo. Ugomvi haukuisha. Novemba mwaka huo waandamanaji waliokuwa upande wa Oba waliingia katika eneo la makumbusho mapya ya sanaa ya Afrika Magharibi (MOWAA) mjini humo, wageni wa ufunguzi wakiwa wamekwisha kufika, wakidai yaitwe makumbusho ya kifalme. Hapo Oba alikuwa upande mmoja wa kesi, na msuluhishi akatafutwa Abuja.

Siasa za jimbo nazo zinaonyesha jambo hilohilo. Gavana Godwin Obaseki alipokosana na kasri, serikali yake iliunda mabaraza mapya ya jadi na kulipunguzia nguvu Baraza la Jadi la Benin. Monday Okpebholo alipoingia Novemba 2024 akafuta hatua hizo. Alichopewa na gavana mmoja, mwingine anaweza kukichukua.

Wako wanaotaka wafalme waingizwe kwenye katiba ili kinyang’anyiro hicho kiishe. Uganda ilijaribu: falme zilirudi mwaka 1993, katiba ya 1995 ikazitambua na kuzikataza siasa za vyama. Mwaka 2009 Kabaka, mfalme wa Buganda, alizuiwa kwenda Kayunga, na watu wakafa katika ghasia zilizofuata. Kifungu hakikumlinda mfalme wala hakikuituliza serikali.

Kwa hiyo siungi mkono kifungu, wala siungi mkono hati ya umiliki ya 2023 kama ilivyoandikwa. Amri ya 2018 hakuna gavana aliyeitoa, na hakuna gavana anayeweza kuitangua. Hati ya sanamu ilitoka kwa rais aliyekuwa akifungasha virago, na rais mwingine akitaka ataiandika upya.