Muda Upi Huo Tunaopoteza?

Siku ina saa 24. Mbona kijana anayefanya kazi mchana na kusoma jioni haoni hata moja ya kwake?

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku viwandani. Zaidi ya miaka 100 imepita! Haya, hesabu nami. Saa 8 za kazi. Saa 2 za njiani, umesimama, begi la mwenzio limekukaa shingoni. Saa 3 za darasa. Unafika nyumbani hoi, simu inalia: bosi ana "jambo dogo tu". Jambo dogo saa 4 usiku? Mchana kutwa lilijificha wapi?

Na hapo hujapika, hujafua, hujagusa zoezi la kesho. Usingizi unaukopa, deni unalilipa darasani, kichwa kinaning'inia kama tunda bivu.

Halafu anatokea mtu aliyelala usiku kucha, anakwambia: "Vijana wa siku hizi mnapoteza muda sana."

Muda upi, jamani? Uko wapi tuuone?