Kitabu cha 10 na shoka la Perrin

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa amenirudishia kitabu nilichomwazima kikiwa na tiketi ya basi ndani yake, si mbali na kurasa za mwanzo. Hapo ndipo alipochoka. Kitabu chenyewe ni Crossroads of Twilight, cha 10 kati ya 14 katika The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za njozi wa Mmarekani Robert Jordan. "Ndugu yangu, mimi nimeshindwa," aliniambia. "Watu wanakunywa chai, wanaoga, wanabadili nguo, kitabu kinakwisha. Nipe sababu moja ya kuendelea."

Hayuko peke yake. Amazon walipoikatisha tamthilia ya hadithi hii Mei 2025, baada ya misimu 3 tu, watazamaji waliachwa njia panda, na anayetaka kujua mwisho hana pa kwenda ila vitabuni. Humo mwanzo mambo ni moto: vitabu 6 vya kwanza vinasomeka hata usiku wa manane. Kuanzia cha 7 au cha 8 mwendo unalegea, na kwenye cha 10 wengi wanaketi chini kabisa. Mashabiki wenyewe hawabishi. Kipande hicho wamekipachika jina lenye maana ya kujikokota.

Hoja ya kuacha inaeleweka haraka, kwa hiyo sitaizungusha. Kitabu kimoja cha Jordan kinaweza kumla mtu wa kazi jioni za wiki mbili au tatu. Pesa nazo zinauma: riwaya mpya za kigeni ni ghali kwetu, na anayetegemea vitabu vya mtumba barabarani hukuta cha 9 kipo na cha 8 hakipo. Na ile hoja kwamba "nimeshasoma 9, siwezi kuacha sasa" haina uzito, maana saa zilizokwenda zimekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwandishi naye ana lawama yake. Mwanzoni mwa kitabu cha 9 Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, anapata habari kwamba mkewe, Faile, ametekwa. Anamkomboa kwenye cha 11. Hapo katikati kuna mahema, theluji na farasi, na mazungumzo yanayorudi palepale. Anayesema huku ni kupotezewa muda hajakosa adabu.

Hata hivyo naona kitabu cha 10 kimebeba mzigo ambao sehemu yake kubwa si wake, na ukizitazama tarehe utaona mzigo huo ulitoka wapi.

Vitabu 6 vya kwanza vilitoka kati ya 1990 na 1994. Vitabu 6 kwa miaka 5. Vitano vilivyofuata vilitoka 1996, 1998, 2000, 2003 na 2005, yaani miaka 10 kwa vitabu 5. Hadithi ilipunguza mwendo wakati uleule ambao uchapishaji nao ulipunguza mwendo, na wasomaji wa siku zile wakayameza mawili hayo kama dawa moja chungu. Sasa jiweke mahali pao. Novemba 2000 umefunga kitabu cha 9. Rand, shujaa mkuu wa hadithi, na mwenzake Nynaeve wamefanya jambo ambalo ulimwengu ule haukulithubutu kwa zaidi ya miaka 3,000: wameisafisha saidin, nusu ya kiume ya Nguvu, yaani uchawi wa ulimwengu ule, iliyokuwa ikiwatia wanaume wazimu. Moyo unadunda. Unasubiri miaka miwili na ushei. Januari 2003 unafungua cha 10, na kumbe kinarudi nyuma kukuonyesha watu wengine, mbali sana na tukio, wakihisi ile Nguvu ikiwaka kwenye upeo, wakishangaa, kisha wakiendelea na shughuli zao. Rand mwenyewe anaonekana kwa kuchungulia tu. Ukitaka kumpata tena sawasawa, subiri Oktoba 2005. Karibu miaka 5!

Nani asingekasirika? Tathmini kali za kitabu hiki, zile ambazo msomaji wa leo hukutana nazo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, zilianza kuandikwa na watu waliokuwa ndani ya kungojea huko. Rafiki yangu hakungoja. Cha 11 kiko rafuni kwangu, mkono kwa mkono. Kilichowachukua wao karibu miaka 5, yeye kingemchukua kama mwezi na nusu. Anasoma kitabu kilekile, ila njaa waliyokuwa nayo wao hana, na nadhani sehemu ya uchovu wake ameurithi.

Sehemu tu. Sitaki kumfanya rafiki yangu mtoto asiyejua anachohisi. Mtu anaweza kuchoshwa na kitabu cha 10 leo hii bila kusoma tathmini yoyote. Sura za mwanzo zinapanga majina mengi mno, na mavazi yanaelezwa hadi uzi wa mwisho. Ushauri wangu hapo ni mwepesi: ruka kurasa. Ukiona gauni, ruka. Ninachokikataa ni kusoma muhtasari wa kitabu kizima kisha kwenda cha 11, na sababu yangu ni shoka.

Perrin alikuwa mwanafunzi wa mhunzi. Katika kitabu cha 1, kilichotoka 1990, anabeba shoka la vita asilolipenda, na Elyas, mzee anayeishi na mbwamwitu, anampa wosia: maadamu analichukia, abaki nalo; siku atakapoacha kulichukia, alitupe. Maneno hayo yanakaa kimya kitabu baada ya kitabu. Kwenye cha 10, sura ya 27, mkewe bado yuko mikononi mwa watekaji, na mateka mmoja wa upande wao hataki kusema yuko wapi. Perrin anakishusha chuma na kuukata mkono wa yule mtu. Anamwambia kwa sauti tulivu kwamba atakata na viungo vilivyobaki, amwache hai, kiwete wa kuombaomba. Kisha anatoka nje na kulirusha shoka likazama kwenye mti. Analiacha hapo.

Muhtasari utakwambia "Perrin anaacha shoka", na hautakuwa umekosea. Lakini zile kurasa nyingi za theluji na kuhangaika, zilizokuchosha wewe, zimemchosha na yeye, na ndizo zilizomfikisha mtu mpole mahali pa kukata kiungo cha mfungwa bila mkono kutetemeka. Jordan alipigana Vietnam akiwa mpiga bunduki kwenye helikopta. Sura ile naisoma kama kazi ya mtu aliyejua kwamba ukatili humjia mtu polepole, akiwa amechoka. Katika kitabu cha 13 Perrin anajifulia nyundo yake mwenyewe, na ukifika hapo bila kuwa umeliona shoka likibaki mtini, utakuwa unatazama fundi akifua chuma, basi.

Egwene, msichana wa kijiji kimoja na Perrin aliyefanywa kiongozi wa wanawake wa Nguvu walioasi, naye ni vilevile. Mikutano ya kambi ya waasi iliyojaa kwenye cha 10 inachosha, nakiri, lakini humo ndimo anamojifunza kutawala wanawake wanaomdhania kibaraka. Mwisho wa kitabu anakamatwa. Kwenye cha 12 anachapwa karibu kila siku na hainamishi kichwa, na nguvu ya kurasa hizo, ambazo kwangu ni miongoni mwa bora za mfululizo wote, imewekezwa kwenye ile mikutano.

Simwambii mtu kwamba mvumilivu hula mbivu, maana kuna miti haizai. Wasomaji wa George R. R. Martin, mwandishi wa hadithi iliyozaa tamthilia ya Game of Thrones, walipewa kitabu cha 5 mwaka 2011 na cha 6 bado. Aliyechoka kule na kuondoka, mimi sina la kumshawishi. Kwa Jordan hali ni nyingine. Aliugua maradhi ya moyo, akafariki Septemba 2007 akiwa na miaka 58, na kabla ya hapo alitumia nguvu zilizobaki kusimulia mwisho na kuacha maelezo. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson amalizie. Kitabu kimoja kilichokusudiwa kikawa vitatu, cha mwisho kikatoka Januari 2013. Safari hii ina bandari, na meli imeshatia nanga.

Kwa hiyo swali nililomuuliza rafiki yangu halikuhusu uvumilivu. Nilimuuliza kama kuna hata mmoja kati ya watu wale ambaye bado anataka kujua yatakayompata. Kama hakuna, kuendelea ni adhabu, na sitaki asome kwa adhabu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Perrin, labda."

Nimempelekea kitabu tena. Tiketi ya basi nimeihamishia mwanzo wa sura ya 27. Tumekubaliana aanze hapo, kisha arudi nyuma akitaka. Na akiona lile shoka halimhusu, aniletee kitabu changu, vinne vilivyobaki nitaviacha rafuni, nami sitalifungua tena jambo hili.