Kabla ya kuinunulia zahanati bando kubwa

Takwimu za zahanati ya kijijini zikichelewa, ushauri wa kwanza huwa "ongezeni kasi ya intaneti". Mara nyingi huo ni ushauri wa kutupa fedha. Fomu iliyojazwa kwenye ODK Collect, programu ya simu ya kukusanyia takwimu, ikiwa na maandishi na namba tupu, ni kilobaiti chache. Tukadirie KB 20: fomu 60 kwa siku ni MB 1.2, na laini dhaifu ya 3G inazibeba bila shida.

Mzigo wenyewe ni picha. Picha ya simu ikiwa MB 3, fomu 60 zenye picha mojamoja zinafika MB 180. Hapa wengi hupotea kwenye hesabu, maana kasi huuzwa kwa megabiti ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa kasi ya kupakia (kutuma) ya Mbps 1, yaani megabiti moja kwa sekunde, mzigo huo unataka dakika 24, tena laini isikatike. (Ile "Mbps 10" ya kwenye tangazo kwa kawaida ni ya kupakua.) Dawa yake ni ya bure: unapotengeneza fomu kwa XLSForm, yaani fomu inayoandikwa kwenye jedwali la Excel, kwenye safu ya parameters ya swali la picha andika max-pixels=1024. Picha ikishuka hadi KB 300, dakika 24 zinakuwa chini ya mbili na nusu.

DHIS2, mfumo wa mtandaoni unaobeba takwimu za afya Kenya na Tanzania, ina tabia nyingine. Ukiifungua kwenye kivinjari mara ya kwanza hupakua megabaiti kadhaa, kisha huzihifadhi. Anayefuta kumbukumbu za kivinjari kila jioni "ili kompyuta iwe nyepesi" anaulipia mzigo uleule kila asubuhi. Halafu ukurasa mmoja hutuma maombi mengi kwa seva, baadhi yakisubiriana. Kwa intaneti ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ombi moja kwenda na kurudi ni kama milisekunde 600. Maombi 30 yanayofuatana ni sekunde 18 za kukodolea kioo macho, hata ukiuziwa Mbps 50. Setilaiti za Starlink, zilizo kwenye takriban kilomita 550, hazina adha hiyo, ila dishi linataka umeme. Likila wati 75 usiku na mchana, ni uniti 1.8 kwa siku, na sola iliyofungwa kwa ajili ya taa haitalimudu.

Kabla ya kulipa, msiamini tovuti za kupima kasi. Huchagua seva ya karibu, si yenu. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ping -n 100 na anwani ya seva yenu, amri inayotuma pakiti ndogo 100 na kuhesabu zinazojibiwa: asubuhi, mchana, na siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti. Pakiti zikipotea zote 100 huku ukurasa unafunguka, seva imezuia ping tu. Zikipotea tano au sita, kuongeza bando hakutasaidia kitu: jaribuni laini ya kampuni nyingine, au ruta yenye antena ya nje iliyoelekezwa mnarani.

Na kompyuta hiyo iambiwe kwenye mipangilio kwamba mtandao ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo masasisho ya Windows yatalimaliza bando kabla ripoti haijatoka.