"Kajiharibia mwenyewe": tunawaonea mabondia wetu

Jioni yoyote ukikaa kwenye kahawa pale Ngamiani, hapa Tanga, muuzaji anagonga vikombe, kashata ziko kwenye sinia, haipiti nusu saa kuna mtu katoa simu anaonyesha kipande cha pambano la zamani, na kikiisha tu utasikia neno lilelile, "huyu alikuwa bingwa wa dunia huyu, kajiharibia mwenyewe". Wanaitikia wote. Anatajwa mwingine, naye kajiharibia mwenyewe. Hilo neno nalisikia tangu nina kaptula za shule na kila mwaka linazidi kunikera, maana Tanga ni mji wa ngumi, sisi ndo tulitakiwa tujue kuliko watu wengine bondia anatengenezwaje na anavunjikaje.

Ngoja kwanza niwape haki yao wanaosema hivyo, manake sio waongo. Wapo waliojiharibia kweli. Tony Ayala Junior wa San Antonio kule Texas alikuwa na mapambano 22, kashinda yote, 19 kati ya hayo kwa nokauti, na ana miaka 19 tu, watu wanasubiri apewe nafasi ya mkanda wa ubingwa wa dunia. Januari 1983 akaingia nyumba ya jirani yake akambaka mwanamke, akafungwa, akatoka baada ya miaka kama 16. Hapo sina la kumtetea, na mtu anayelilia kipaji cha Ayala kabla hajamlilia yule mama simuelewi kabisa. Na hapahapa kwetu muulize kocha yeyote atakwambia dogo akishashinda matatu mfululizo anaacha kukimbia alfajiri, mazoezini anakuja saa anayotaka, uzito anakuja kuukata wiki ya mwisho kwa njaa na kuvaa masweta juani. Kweli tupu hiyo. Ngumi bila nidhamu hamna.

Ila mimi nikiwachukua mmojammoja hao tunaowaita walioshindwa, wa aina ya Ayala nawapata wachache sana. Wengi nikiwaangalia vizuri naona kitu kingine.

Mchukue Howard Davis, bondia wa Marekani. Olimpiki ya Montreal 1976 (sisi hatukuwepo, Tanzania na nchi nyingi za Afrika tuligoma kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu) Marekani walichukua dhahabu 5 za ngumi. Leo Randolph, Howard Davis, Sugar Ray Leonard, Michael Spinks na kaka yake Leon Spinks. Yule aliyepewa tuzo ya Val Barker ya bondia bora wa mashindano yote sio Leonard, alikuwa Davis. Na ili kufika Montreal alimtoa Aaron Pryor kwenye mchujo wa kwao, Pryor huyohuyo aliyekuja kuwa moto wa kuotea mbali. Na mama yake alikuwa amefariki siku chache tu kabla, akaenda ulingoni na msiba wake akarudi na dhahabu.

Sasa hesabu ndo inaanzia hapo. Katika wale watano, wanne walikuja kuwa mabingwa wa dunia kwenye ngumi za kulipwa. Leon Spinks alimpiga Muhammad Ali mwenyewe 1978, Leonard akachukua mkanda 1979, Randolph 1980, Michael Spinks 1981. Wanne kati ya watano, na wa tano ambaye hakupata ndo yule aliyetajwa kuwa bora kuwazidi wote. Hii namba nimeizungusha kichwani miaka, naisoma kulia naisoma kushoto. Ukimpa mtu hiyo hesabu bila maelezo mengine atakwambia palepale, basi huyo Davis mvivu, au hela ilimlevya, na kweli alisaini na televisheni ya CBS akapata hela nzuri mapema sana kabla hajathibitisha kitu, wakosoaji wake mpaka leo wanasema hapo ndo makali yalipoisha.

Haya, tumtazame basi. Juni 1980 anaenda Glasgow, Scotland, kupigania mkanda wa dunia wa Jim Watt, uwanja wa mpira wa Ibrox, kwao Watt, raundi 15, akapoteza kwa pointi. Ana miaka 24. Miaka minne baadaye, Juni 1984, anaenda San Juan, Puerto Rico, kwa bingwa Edwin Rosario, napo ni kwao Rosario. Mara zote mbili yeye ndo mgeni, aelewe hilo kila anayejua maana ya kupigana ugenini na majaji wanasikia kelele za uwanja. San Juan pambano likaenda mpaka raundi ya 12, ya mwisho, limebaki la kumalizia tu, na zikiwa zimebaki sekunde chache kengele ilie, Rosario akamdondosha. Akainuka. Matokeo yakaja ya majaji kugawanyika, mkanda ukabaki kwa Rosario. Ile kudondoka tu, pointi ya ile raundi, ndo ilikuwa tofauti ya Howard Davis bingwa wa dunia na Howard Davis "aliyeshindwa". Sekunde chache! Angebaki kwa miguu yake muda wa mtu kupuliza kahawa ipoe, leo tungekuwa tunasema watano kati ya watano na hakuna ambaye angeongelea hela za CBS wala uvivu. Alijaribu tena 1988 kwa bingwa mwingine, Buddy McGirt, hapo umri ushakwenda, akapigwa raundi ya kwanza. Kafariki Desemba 2015 kwa kansa ya mapafu na taarifa zake zikaandikwa kwa lugha ileile, aliyekuwa na kipaji ila hakufika.

Mimi nauliza, hakufika wapi? Nani aliyepanga kituo?

Hapo ndo napogombana na watu. Ahadi tunayosema bondia kashindwa kuitimiza mara nyingi hakuiweka yeye. Waliiweka watu. Audley Harrison wa Uingereza, dhahabu ya Sydney 2000 uzito wa juu, BBC walimpa mkataba unaotajwa kuwa wa pauni milioni 1 kwa mapambano 10 kabla hajapigana hata moja la kulipwa, jamaa ana miaka 29 ndo anaanza, umri ambao wenzake wanatetea mikanda. Alivyokuja kupigwa na David Haye 2010 raundi ya tatu nchi nzima ikamcheka. Waliomuuza kama bingwa kabla hajawa bingwa, wao sijaona aliyewacheka.

Na sisi tusijitoe. Septemba 8, 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga hii, kaingia ulingoni Birmingham, Uingereza, kwenye usiku ambao pambano kuu lilikuwa la nyota wao Amir Khan, mpinzani Sam Eggington ambaye alishakuwa bingwa wa Ulaya, na kule hamna anayemjua Mwakinyo, kaitwa ajazie. Raundi ya pili refa kasimamisha, Eggington hoi. Mnakumbuka mji ulivyokuwa ule wikiendi, mimi nakumbuka, honi za bodaboda mpaka usiku. Sawa kabisa kushangilia. Lakini Jumatatu yake sisi wenyewe tulishaanza, bingwa wa dunia huyu, mwaka kesho tu. Yeye kafanya kazi ya Jumamosi moja, sisi tukamwandikia maisha yaliyobaki.

Halafu ikaja Septemba 2022 Liverpool, Mwakinyo akapoteza kwa Liam Smith raundi ya nne, na yale maneno yake kwamba enka ilimuuma na viatu havikumkaa, ambayo yalichekwa mwaka mzima. Mtu anaweza kukubali au kukataa zile sababu, hilo liko wazi, na bondia mkubwa anatakiwa ajibebee maandalizi yake, nakubali. Ila angalia alikuwa anapigana na nani. Smith alishakuwa bingwa wa dunia wa WBO, moja ya mashirika makubwa ya ngumi duniani, alishapanda ulingoni na nyota wa Mexico Canelo Alvarez 2016, na nyumbani kwao wamezaliwa ndugu wanne wote mabondia wa kulipwa, mmoja Callum naye bingwa wa dunia. Yaani jamaa akitoka chumbani kwake asubuhi anakutana na mtu wa kufanya naye sparingi, yaani kupigana naye mazoezini, yuko mezani anakunywa chai. Wetu wa huku wa kufanya nae sparingi ya kiwango hicho anamtoa wapi? Hapa mjini? Hiyo sio kumtetea mtu, ni swali la kawaida ambalo kwenye kahawa haliulizwi.

Tukienda kwenye ridhaa ndo utajua kwamba tatizo halina jina la mtu. 1998 Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Medali nyingine ya ngumi kwenye mashindano hayo tumekuja kuiona 2022 Birmingham, shaba za Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike. Miaka 24. Unataka kuniambia miaka 24 yote nchi nzima kila kijana aliyevaa glovu alikuwa mvivu na mlevi? Olimpiki ya Tokyo hatukupeleka bondia hata mmoja, ya Paris hatukupeleka. Kama mlango umefungwa robo karne huwezi kusimama nje ukawacheka wanaoshindwa kuingia.

Watanijibu kwamba siku hizi mambo yamebadilika, ngumi ziko Azam TV, mapromota wameongezeka, mkanda unapiganiwa kila kukicha, kwa hiyo anayeshindwa sasa hivi hana kisingizio. Kuna ukweli, na nimefurahi kuuona huo mwanga. Ila mapambano mengi sio lazima yawe mapambano sahihi. Bondia wa kupandishwa anahitaji mtu anayemchagulia mpinzani leo akifikiria mpinzani wa mwaka keshokutwa, amkataze hela ya haraka, amlishe katikati ya mapambano. Vijana wengi huku meneja wao ni simu zao wenyewe.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, jina naliacha. Makorora wote walikuwa wanamjua, anatumia mkono wa kushoto, alfajiri wakati wa adhana unamkuta ameshatoka anakimbia kuelekea Raskazone mvua isimwambie kitu. Hajawahi kuonja pombe. Alikuwa na kasi ambayo mimi mpaka leo sijaiona tena hapa mjini na nasema hivi nikiwa nimekaa pembeni ya ulingo miaka mingi. Siku moja Alhamisi akapigiwa simu na promota mmoja, Jumamosi kuna pambano Dar, mtu kajitoa, njoo. Mpinzani mzito kuliko yeye na mzoefu, hakukuwa na mkataba wa maana, nauli ilikuwa ya mtu mmoja kwa hiyo kocha wake akabaki Tanga, kwenye kona akasimamiwa na watu hata hawamjui mkono wake wa nguvu ni upi. Akapigwa. Baada ya mwezi simu nyingine ya hivyohivyo, akapigwa tena, jicho likafumuka. Na ukishakuwa na vipigo viwili kwenye rekodi unaanza kuitwa kama mtu wa kuja kupigwa, bei yako ndo hiyo, hawakuiti tena kama mtu wa kupandishwa.

Sasa hivi anaendesha bodaboda, kijiwe chao kiko hatua chache tu kutoka kwenye kahawa. Wakisema "kajiharibia mwenyewe" anasikia kila neno, na hajibu. Mwezi uliopita tulikuwa wawili tu kwenye pikipiki ananirudisha nyumbani, nikamuuliza kwa nini ile Alhamisi hakukataa. Hakugeuka, akasema, "Kaka, ningekataa, nani angenipigia tena?"