Nimelipia Taa Izimike

Mwenzangu akinunua rimu mpya, mtaa mzima unajua. Akipaka gari rangi, hata wasiomsalimia wanasimama kutazama. Akifunga spika za nyuma, tunamsikia tukiwa kitandani. Mimi nimenunua kitu cha bei ya kuumiza roho, na kimefungwa chini ya boneti, nyuma ya betri, mahali ambapo fundi mwenyewe alikuwa anapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Pampu ya ABS, kifaa cha breki. Ukija nikufungulie boneti, utaona kitofali cha alumini chenye kichwa cheusi cha plastiki, na paipu sita zinazochomoza kama buibui aliyepoteza miguu miwili. Ndiyo hicho. Karibu tena siku nyingine.

Yote yalianza na taa. Ya njano, kiduara, katikati kimeandikwa ABS. Siku ya kwanza nililizima gari, nikaliwasha, taa ikabaki palepale. Nikaamua kuipa wiki ipone yenyewe, kama mafua. Haikupona. Nikamuuliza jirani yangu, ambaye gari lake likiwashwa dashibodi inapambwa kama ukumbi wa harusi.

"Breki zinashika?"

"Zinashika."

"Basi hiyo taa ni pambo."

Na kweli zilikuwa zinashika. Hapo ndipo penye ubaya wa ugonjwa huu. ABS ikifa, breki za kawaida zinabaki zikifanya kazi, gari linasimama, na pedeli ukiigusa ni ileile. Kinachoondoka ni ule ulinzi wa kuzuia matairi yasijifunge siku utakayokanyaga kwa hofu. Sasa nani anaamka asubuhi amepanga kukanyaga kwa hofu? Ingewaka ile nyekundu ya breki ningeliegesha siku hiyohiyo, maana nyekundu ni amri. Njano mimi huwa naichukulia kama ushauri wa shemeji.

Lakini taa ilikuwa inanitazama, hasa usiku. Mama watoto naye akaiona.

"Baba watoto, hiyo taa inasema nini?"

"Inasema ABS."

"Ndiyo nini?"

"Mambo ya breki."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Tangu hapo kila safari akawa anakanyaga breki zake mwenyewe upande wa abiria, kapeti likaanza kutoboka. Nikachukua tepu nyeusi ya umeme, nikakata kipande cha ukubwa wa ukucha, nikabandika juu ya taa. Ikazimika. Miezi minane tuliishi kwa amani, na sijawahi kufanya matengenezo rahisi kuliko yale.

Halafu mvua ikanyesha. Mbele yangu lori, lori likasimama ghafla, nami nikakanyaga kwa nguvu zote nilizopewa na wazazi wangu. Matairi ya mbele yakajifunga. Nikakata usukani kulia, gari likaendelea kwenda mbele kama vile halinijui. Nikaongeza kukata. Hakuna. Siku hiyo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza: tairi lisilozunguka halifuati usukani. Unakuwa abiria kwenye gari lako, tofauti yako na wengine ni kwamba wewe unalijazia mafuta. Nilisimama nikiwa naweza kusoma namba ndogondogo zilizopigwa kwenye bampa la lile lori. Mama watoto hakusema neno. Alinyoosha mkono, akabandua tepu, akaniwekea juu ya goti.

Kesho yake nikawa gereji. Fundi alinipokea akiwa chini ya gari la mtu mwingine, yaani nilizungumza na viatu. Nikavieleza viatu kwamba taa ya ABS inawaka. Viatu vikajibu: "Ni sensa hiyo, bosi." Hajaliona gari! Hajui hata ni gari gani! Mimi daktari akinipima bila kuniona nakasirika, lakini kwa fundi nilitikisa kichwa kwa heshima nikasema sawa.

Kila gurudumu, kumbe, lina sensa yake inayosoma mzunguko na kuiambia kompyuta: huku tunakwenda, huku tumesimama. Tukabadilisha ya mbele kushoto. Taa ikabaki. Tukabadilisha ya mbele kulia. Taa ikabaki. Nimegundua kwamba gereji kinachobadilishwa kwanza si kile kilichoharibika, ni kile mkono unachokifikia bila kujikunja. Nilipomwona anainama kuelekea gurudumu la nyuma nikamshika bega. Nikamwambia, fundi, kabla hatujamaliza magurudumu tukahamia ya majirani, hakuna mashine ya kupima?

Mashine ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote, kabatini, imefungwa kwenye mfuko. Akaichomeka, ikafikiri, ikasema kosa liko kwenye mota ya pampu. Akaangalia fyuzi: nzima. Akaangalia waya unaofungwa kwenye bodi: safi. Umeme unafika kwenye mota, mota haizunguki. Akachukua bisibisi, akaipiga pampu kwa mpini, pah! Pampu ikatoa sauti, "ngrrr", ikanyamaza.

"Umesikia, bosi? Iko hai."

"Iko hai au ndiyo inakata roho?"

Hakujibu, akaanza kupiga simu za kuulizia nyingine.

Ya mpya nilitajiwa bei nikadhani nimetajiwa namba ya simu. Tukahamia kwenye zilizotumika. Ya kwanza ilikuja ikiwa na lebo yenye namba tofauti na yangu. Fundi anasema zinafanana. Nikamwambia mapacha pia wanafanana, lakini kila mmoja ana mke wake. Paipu zingeweza kuingia vizuri kabisa, na bado kompyuta iliyobandikwa kwenye pampu ikawa ya gari la aina nyingine. Ikarudishwa. Ya pili namba zikalingana hadi herufi ya mwisho, nikailipa huku nimetazama pembeni.

Mjomba wangu aliposikia, akaja kunisimanga. "Sisi tuliendesha miaka yote bila mapampu. Ukiona utelezi unadonoa breki: kanyaga, achia, kanyaga, achia." Nikamwambia mjomba, hii pampu ndiyo inayodonoa, zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja, na kwa kila gurudumu peke yake. Wewe una mguu mmoja wa breki na goti linalouma. Na hiyo zamani yako ndege zilikuwa na kitu cha namna hii tangu miaka ya 1950, na kampuni ya Bosch ikaiweka ya kielektroniki kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978.

"Ndiyo maana sikununua Mercedes," akasema mjomba.

Tukaanza kufungua. Betri ikatolewa waya, vizuri. Kisha zikaja nati za paipu. Hizi nati ni ndogo, zimekaa miaka na kutu yake, nazo hazitaki spana ya kawaida. Kuna spana yake maalumu, mdomo wake unaikumbatia nati karibu yote isipokuwa upenyo wa kupitisha paipu. Fundi alikuwa nayo? Alikuwa nayo. Ilikuwa wapi? Amemwazima mtu. Akajaribu na ya kawaida, nati ya kwanza ikaanza kugeuka mviringo kama punje ya harage, nikapiga kelele hadi gereji nzima ikaacha kazi. Tulisubiri ile spana saa mbili na nusu. Nasema bila aibu kwamba ndizo saa zangu zenye faida kuliko zote katika mradi huu, maana nati ikishaharibika unabadilisha na paipu, na paipu ile inakwenda hadi gurudumu la nyuma.

Paipu sita: mbili zinatoka masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, nne zinakwenda kwenye magurudumu. Nikamwambia aziwekee alama. Akagusa kipaji cha uso, "ziko hapa, bosi." Wakati huohuo simu yake ikaita, akaongea dakika ishirini kuhusu gari la mtu, akarudi, akasimama mbele ya paipu sita akizitazama kama mtu aliyekutana na wajukuu asiowajua majina. Nilikuwa nimeshazipiga picha. Sikumwambia mara moja. Nilimwacha ateseke kidogo, na hapo ndipo nilipopata starehe yangu pekee ya siku hiyo.

Mafuta ya breki nayo yana tabia zake. Yalidondoka juu ya madigadi, fundi akayafuta kwa kitambaa kikavu, akaendelea. Kufika jioni rangi imevimba kama imeungua. Ni ya kuoshwa kwa maji mengi palepale, si ya kufutwa. Halafu akaleta chupa ya kujazia, badala ya kifuniko imezibwa kwa tambara. Nikakataa. Haya mafuta yanavuta unyevu hewani. Aina yake iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155, na mafuta yakichemka kwenye mteremko pedeli inazama hadi sakafuni. "Bosi, umesoma wapi yote haya?" Nimesoma usiku, fundi, wakati wewe umelala na hela yangu.

Pampu ikaingia. Sasa kutoa upepo ulioingia kwenye paipu za breki.

Nikakalishwa kwenye usukani. Fundi yuko chini, kwenye gurudumu, anaamrisha. "Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Nashikilia. Anafungua kinati, pedeli inazama, mguu unaifuata. "Usiachie!" Siachii. Anafunga. "Achia." Naachia. "Kanyaga!" Magurudumu manne, mzunguko wa kwanza. Magurudumu manne, mzunguko wa pili. Kwenye wa tatu paja langu la kulia likaanza kutetemeka lenyewe bila amri. Tukamaliza, nikakanyaga: laini kama godoro.

"Bado kuna upepo, bosi."

"Upepo gani tena? Uliotoka humu ungerusha tiara!"

Ikabidi aitwe kijana wa kompyuta. Akaja na nguo nyeupe. Nguo nyeupe, gereji! Hakugusa spana, hakuinama, alikaa kwenye kiti changu na kibao chake cha kioo akauliza kwa upole: "Mlikuwa mnatoa upepo kwa mguu?" Kwa namna alivyouliza niliona aibu kuwa na mguu. Akaeleza kwamba ndani ya kile kitofali kuna vali nane, mbili kwa kila gurudumu, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, na kuna vyumba vinavyobaki vimefungwa mpaka kompyuta iamuru. Ukanyage mpaka kesho, upepo ulio mle hautoki. Akabonyeza. Pampu ikanguruma, vali zikalia tik-tik-tik, na kwenye kimpira cha gurudumu la nyuma mapovu yakaanza kutoka kwa foleni. Paja langu liliyatazama kwa uchungu.

Taa bado ikawaka. Pampu, anasema kijana, inakumbuka gari lake la zamani. Yaani nimeleta mjane nyumbani, bado anamuwaza marehemu. Akaiandikia namba ya chasisi ya gari langu na aina ya vifaa vyake, akafuta makosa ya zamani, akazima, akawasha. Taa ikawaka sekunde chache, ikazimika yenyewe. Alilipwa zaidi kwa kubonyeza kuliko fundi alivyolipwa kwa kulala chini siku mbili, na fundi aliliona hilo, na mimi nilimwona fundi akiliona.

Nikaenda kuijaribu kwenye barabara tupu yenye maji. Nikakanyaga kwa hasira. Pedeli ikanipiga mateke! Drrrrr, chini ya kiatu, na huko mbele kitu kinasaga kama mashine ya nafaka. Nikaondoa mguu upesi, nikarudi gereji mwendo wa kobe, nikawaambia mmeniharibia gari, breki inapigana. Fundi na kijana wakatazamana, wakacheka mpaka fundi akakaa chini kwa hiari yake.

"Bosi, hiyo ndiyo yenyewe. Ikianza kutetemeka usiachie, zidi kukandamiza na uongoze usukani."

Kwa hiyo nimetumia akiba yangu kununua kitu ambacho siku kikifanya kazi nitadhani kimeharibika, na siku nyingine zote hakifanyi chochote isipokuwa kukaa.

Nikafika nyumbani nikamwita mama watoto akae mbele. Nikamwambia tazama hapa. Nikawasha. Taa ikawaka: moja, mbili, tatu, ikazimika.

"Umeona?"

"Nimeona. Imezimika."

"Ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo nini?"

"Ndiyo kazi yote iliyofanyika."

Akaitazama dashibodi kwa muda. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kile kipande cha tepu nyeusi, kumbe alikitunza, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hiki nacho kilikuwa kinaizima," akasema. "Bure."