Ugomvi juu ya Mungu yuleyule

Swali la kama Wakristo na Waislamu wanaabudu Mungu mmoja likizuka, wa kwanza kusema huwa na hoja ya jina: Allah ni wao, sisi wetu ni mwingine. Hoja hiyo haina miguu. Wakristo Waarabu humwita Mungu Allah katika Biblia zao na katika ibada zao, na Wamalta, ambao wengi wao ni Wakatoliki, humwita Alla. Malaysia walilifikisha neno hilo mahakamani: mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ililizuia gazeti moja la Kikatoliki kulitumia, kisha mwaka 2021 Mahakama Kuu ikampa ushindi mwanamke Mkristo aliyekuwa amenyang'anywa CD zenye neno hilo. Hakimu anaweza kuamua nani aruhusiwe kutamka jina. Mwenye jina ni nani, hilo si la hakimu.

Wanaosema "si mmoja" wana hoja nzito zaidi ya hiyo, na mara nyingi wanabezwa bila kusikilizwa. Kwa Mkristo, Utatu si pambo lililobandikwa juu ya imani. Mungu mwenyewe ndiye Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Waraka wa kwanza wa Yohana haumung'unyi maneno: "Kila amkanaye Mwana, hanaye Baba." Upande wa pili, Qurani inasema hakuzaa wala hakuzaliwa, na katika Sura ya 5 aya ya 73 inawahesabu wasemao Mwenyezi Mungu ni wa tatu wa watatu kuwa wamekufuru. Mmoja anampigia Yesu magoti, mwenzake anakiita kitendo hicho shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kiumbe. Kuwaambia hawa kwamba tofauti yao ni ya maneno tu ni kuwadharau wote wawili.

Hata hivyo, hebu tulitazame hilo neno "hakuzaa". Nani hakuzaa? Mtu akisema Juma ana mtoto, nami nikasema Juma hana, tunabishana kwa sababu Juma tunayemsema ni mmoja. Kama yeye ana Juma wake na mimi nina wangu, hapana ubishi. Huenda sote tunasema kweli. Qurani inapokanusha uwana wa Yesu, haisemi kwamba Wakristo wana mungu wao wa pembeni aliyezaa. Inasema wamemsingizia Mwenyezi Mungu. Ukali wa ugomvi wenyewe ndio unaonishawishi kwamba anayegombaniwa ni yuleyule.

Mpinzani atanijibu kwamba makosa yakizidi, mhusika hupotea. Juma wako ni mrefu na mwalimu, wangu ni mfupi na mvuvi: hapo tumeshaachana. Nakubali, ndiyo maana yanayofanana lazima yapimwe. Muumba wa vyote, wa pekee, aliyemwita Ibrahimu, atakayehukumu siku ya mwisho: hayo si machache. Isitoshe, Wayahudi nao hawaukubali Utatu, na Wakristo wengi hawathubutu kusema Mungu wa Isaya si wao. Utaambiwa Wayahudi ni shina na Uislamu umekuja baadaye ukakanusha waziwazi. Sawa, lakini kukanusha baadaye kunamhukumu mkanushaji, anayesemwa habadiliki.

Kanisa Katoliki lilikwisha kuegemea upande huu. Mwaka 1076 Papa Gregori VII alimwandikia amiri an-Nasir wa Afrika Kaskazini kwamba wote wawili wanamkiri Mungu mmoja, ingawa kwa namna tofauti, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa hilo, ulisema hivyo tena mwaka 1964 na 1965. Kwa Wakristo wa Kiinjili mambo ni mengine. Desemba 2015 mhadhiri Larycia Hawkins wa chuo cha Wheaton, Marekani, alisema Wakristo na Waislamu wanaabudu Mungu mmoja. Akasimamishwa kazi, na mwaka uliofuata yeye na chuo wakaachana.

Naona pande zote mbili zinaipa "ndiyo, Mungu ni mmoja" uzito ambao haina. Surat al-Ankabut, sura ya 29 ya Qurani, inaonyesha hilo vizuri. Aya ya 46 inawaambia Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo: Mungu wetu na Mungu wenu ni mmoja. Waislamu wapenda maelewano huinukuu na kuishia hapo. Shuka hadi aya ya 61: ukiwauliza washirikina nani aliyeumba mbingu na ardhi, bila shaka watasema Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo hata wanaolaumiwa kwa ushirikina wanamtaja huyohuyo, na kumtaja hakuwaokoi. Injili ya Yohana nayo ina kisa cha Yesu na mwanamke Msamaria, watu wawili wanaokutana kwenye kisima cha babu yao Yakobo. Yesu hamwambii kwamba ana mungu mwingine, anamwambia, "Ninyi mnaabudu msichokijua."

Kwa hiyo Mkristo anayeogopa kusema "ndiyo" asije akasawazisha dini anaogopa bure, na anayeisema akidhani amemaliza ugomvi hajaanza. Mpaka wenyewe utauona kwenye kikao kinachofunguliwa kwa sala. Mchungaji anamshukuru Mungu Muumba, Mwislamu aliye pembeni ameinamisha kichwa, anaitikia moyoni. Kisha yanafika maneno "kwa jina la Yesu Kristo, Mwana wako". Wengine wanasema amina. Yeye anafumbua macho.