Ada sifuri, amana milioni thelathini: uzamili wa fizikia Ujerumani kwa aliyesoma Dar au Nairobi

Matokeo ya mwaka wa mwisho yakitoka, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa sayansi hujaa ushauri mmoja: nenda Ujerumani, chuo ni bure. Si uongo. Vyuo vikuu vingi vya umma kule havimtozi hata mgeni ada ya masomo, ila mchango wa muhula wa euro 150 hadi 350 hivi, ambao mara nyingi una tiketi ya basi na treni ndani yake. Ila ramani ya bure imeanza kutoboka. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Heidelberg, Karlsruhe, Freiburg na Stuttgart, linamtoza asiye raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza wageni mwaka 2024, na kwa uzamili ni euro 4,000 hadi 6,000 kila muhula. Bonn, Leipzig, Göttingen na Hamburg bado hawatozi, na wote wanafundisha uzamili wa fizikia kwa Kiingereza.

Panapobana ni kwenye amana. Ubalozi hautoi viza ya masomo mpaka mwombaji aoneshe kuwa atajimudu, na njia ya kawaida ni akaunti ya kufungia fedha, Sperrkonto kwa Kijerumani. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka: zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, au zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya. Fedha inabaki kuwa yako. Ukifika unaachiwa 992 kila mwezi, na viza ikikataliwa inarudi, ikipungua makato ya benki. Asiyekuwa nayo anahitaji barua ya ufadhili wa masomo, au mtu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha ambaye atasaini mbele ya ofisi ya uhamiaji kwamba gharama zako ni juu yake. Huyo si mjomba wa kumpigia simu mara moja. Akisaini, serikali inaweza kumdai.

Wanaochangiwa na ukoo hujikaza kwa mwaka wa kwanza, kisha husahau kwamba kibali cha kuishi kikiisha muda, ofisi ya wageni itauliza tena: mwaka wa pili utaishi kwa nini? Sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, na wengi hujiokoa hivyo. Lakini mwaka wa pili wa uzamili wa fizikia karibu wote ni utafiti. Ukiwa maabara unapoza sampuli kwa heliamu iliyo kimiminika, zamu ya ghala haisogezwi kirahisi. Kazi inayofaa zaidi, ya kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mara nyingi inataka Kijerumani, kwa sababu shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani.

Hata kabla ya fedha kuna alama. Vyuo vya Ujerumani hugeuza alama za kigeni kwa kanuni ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa, toa yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ni kuponea chupuchupu. Mtanzania mwenye GPA ya 3.7 kati ya 5, na kufaulu ni 2.0, anapata 2.3. Mkenya mwenye wastani wa 66 kati ya 100, na kufaulu ni 40, anapata 2.7. Wote wawili wana daraja la pili la juu, lakini programu yenye mstari kwenye 2.5 itamchukua mmoja na kumwacha mwingine. Tatizo ni hiyo 100: kwenye mtihani wa elektrodinamiki Nairobi hakuna anayeifikia, na daraja la kwanza lenyewe huanzia 70. Mwombaji wa Kenya aombe kwa msajili wa chuo chake barua rasmi inayoeleza mgawanyo wa madaraja, aiambatanishe bila kusubiri kuulizwa. Haimhakikishii nafasi, lakini kamati isiyojua mfumo wetu itahukumu kwa namba tupu.

Kosa la upande wa Tanzania ni la krediti. Krediti moja ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ya Ulaya ni saa 25 hadi 30. Shahada yetu ya miaka mitatu ina krediti 360, yao 180. Kwa uwiano huo wa shahada kwa shahada, kozi ya krediti 12 ni 6 za Ulaya. Anayejaza 12 kwenye fomu, akidhani anajipandisha, anaishia na shahada yenye mzigo maradufu ya inayowezekana, na msomaji wa faili anaanza kutilia shaka kila kitu kingine.

Kisha wanaangalia ndani ya kozi, na hapa ndipo wengi wetu wanaangushwa. Wahitimu wengi wa fizikia Afrika Mashariki walisomea ualimu: fizikia, hisabati, na mzigo wa saikolojia ya elimu, mitaala na mazoezi ya kufundisha. Ukihesabu fizikia peke yake, kinachobaki ni kidogo, hasa ya nadharia. Kamati inataka kuona mekanika ya uchambuzi, elektrodinamiki, mekanika ya kwanta na fizikia ya takwimu, pamoja na maabara. Kozi ya kwanta iliyoishia kwenye atomu ya hidrojeni si sawa na iliyofika kwenye nadharia ya usumbufu na mtawanyiko. Ndiyo maana transkripti haitoshi. Ambatanisha maelezo ya kozi yenye mada na saa. Kama idara haina maandishi hayo, yaandike kutokana na mtaala kisha mkuu wa idara agonge muhuri.

Upande wa pili una hoja nzito: kwa nini uombe uzamili kabisa? Marekani idara za fizikia hupokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, humsamehe ada na kumlipa posho kwa kufundisha maabara. Hakuna amana, kwani barua ya idara ndiyo inayothibitisha fedha. Uzamili mtupu wa fizikia kule, kinyume chake, kwa kawaida unajilipia mwenyewe, na hatuoni sababu ya kuuomba. Gharama ya kuomba ni dola 75 hadi 100 na ushee kwa kila chuo, ingawa vingi husamehe ukiandika mapema, na vingi vimeacha kulazimisha mtihani wa GRE. Lakini ushindani ni mkali, mwaka 2025 baadhi ya vyuo vilipunguza nafasi kwa sababu ya fedha za utafiti, na mwaka huohuo, mwezi Juni, Warundi waliwekewa vizuizi vya viza za wanafunzi. Anayetegemea mlango huo mmoja anabahatisha miaka yake.

Kwa mwenye shahada ya ualimu, tunaona njia bora kuliko zote mbili, nayo husemwa kidogo: kujaza pengo kwanza. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam mwaka 1964, kinatoa diploma ya uzamili ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, kikiwalipia kuishi kule. Kigali kuna taasisi yake ya ubia, EAIFR, ya utafiti wa msingi kwa Afrika Mashariki, iliyofunguliwa 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Wanaoita hilo kupoteza mwaka hawajahesabu gharama ya kufika Bonn na kufeli kwanta ya juu mihula miwili, amana ikitoka 992 kila mwezi.

Aliyesoma fizikia tupu, mwenye 2.5 au bora na ukoo unaoweza kubeba miaka miwili, aende Ujerumani bila kusita. Bila ya hiyo miwili, abebe Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, kama ombi la kwanza: euro 1,400 kwa mwezi na ada imefutwa.

Vyovyote iwavyo, anza na majina. Cheti cha kidato cha nne kina mawili, transkripti ina matatu, pasipoti imegeuza la babu kuwa la ukoo. Mihadhara huanza Oktoba, na foleni ya miadi ya viza haisubiri. Hati ya kiapo ya majina kwa wakili ni kazi ya asubuhi moja ukiifanya Januari. Agosti, siku ya miadi ubalozini, itakugharimu muhula mzima.